Kabla ya Kiswahili, kulikuwa na kesi ya nyasi

Kuanzia Agosti 7 hadi Septemba 14 mwaka 2025, habari moja ilizunguka kwenye simu za Waswahili kutoka Dar hadi Muscat. Lupita Nyong'o na mdogo wake Junior wamepanda jukwaani New York, wanaigiza mapacha wa Shakespeare waliotenganishwa na bahari, na katikati ya Kiingereza cha miaka 400 iliyopita wanachomeka Kiswahili. Mwongozaji wao, Saheem Ali, naye ni mtoto wa Kenya. Basi kila kundi la WhatsApp likapambwa na bendera. Kiswahili kimepaa! Kiswahili kimefika Broadway! Hilo la pili si kweli, na kosa hilo dogo ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Tamthilia hiyo, Twelfth Night, haikuchezwa Broadway, kwenye kumbi za kibiashara za New York. Ilichezwa Central Park, bustani ya umma, katika ukumbi wa Delacorte usio na paa wala pazia, ambao tiketi zake haziuzwi.

Furaha ya watu naielewa, nami nilikuwamo. Ila naona habari yenyewe tumeishika mkia. Tumekitazama Kiswahili, hatukuutazama mkeka kiliotandikiwa. Hoja yangu ni kwamba lugha yetu ilipata nafasi pale kwa sababu kiti ni cha bure na ukumbi uko nje, na kwamba viti hivyo, karibu 1,800 kila usiku, havikuletwa na utajiri wa Marekani kama wengi wanavyodhani. Vilipatikana kwa ubishi uliofika mahakamani mwaka 1959, na kilichobishaniwa kilikuwa nyasi.

Kwanza tuondoe la kupotosha. Shakespeare na Kiswahili hawakukutana Agosti. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akairudia na kuirekebisha mwaka 1969, mwaka uleule alipotoa Mabepari wa Venisi. (Nani mwingine, akiwa rais madarakani, angekaa usiku kutafsiri tamthilia ya mtawala anayechomwa visu na marafiki zake? Na maasi ya jeshi yalikuja Januari 1964.) S. S. Mushi akatuletea Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka uliofuata. Mwaka 2012 ukumbi wa Globe wa London, nao wa wazi, ulipoalika tamthilia 37 katika lugha 37, Kenya ilipeleka Wanawake wa Heri wa Winsa kwa Kiswahili. Anayesema leo kwamba Kiswahili ndiyo kwanza "kimetambuliwa" anawapita wazee wake njiani bila hata shikamoo.

Turudi kwenye nyasi. Aliyeanzisha jambo hili ni Joseph Papp, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1921, mtoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya Mashariki, ambao nyumbani walisema Kiyidi. Shakespeare alimkuta kwenye maktaba ya umma, mahali ambapo huulizwi una senti ngapi mfukoni kabla ya kupewa kitabu. Wazo hilo halikumtoka maisha yake yote: kama kitabu cha Shakespeare kinaazimwa bure, kwa nini kumwona akiigizwa kuwe na bei? Mwaka 1954 alianza na kikundi kidogo, na mwaka 1957 akawa anazunguka mitaa ya New York na jukwaa juu ya lori. Simulizi yao wenyewe inasema lori liliharibika Central Park, wakaamua kubaki hapohapo. Kama imetiwa chumvi sijui, lakini walibaki.

Hapo ndipo alipokutana na Robert Moses, mkuu wa bustani za jiji, ambaye miongo kadhaa alikuwa akijenga barabara na madaraja ya New York bila kupigiwa kura na yeyote. Mwaka 1959 Moses alimwambia Papp atoze watu dola moja au mbili, na sehemu ya fedha iende jijini kugharamia nyasi zinazokanyagwa na watazamaji. Papp akakataa, akasema ikiwa ni kutoza basi hachezi. Mahakama ya kwanza ikampa ushindi Moses. Ya rufaa ikasema sharti lile la kiingilio halikuwa na msingi. Methali yetu inasema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Huko tembo mmoja alikwenda mbele ya hakimu akidai yeye ndiye mtetezi wa nyasi! Haki yake tumpe: baada ya kushindwa, Moses mwenyewe alisaidia kutafuta fedha za kujenga ukumbi wa kudumu. Ulifunguliwa mwaka 1962, na tamthilia ya kwanza ilikuwa ileile ambayo Mwalimu angetuletea miaka saba baadaye, ya Mabepari wa Venisi. Agosti 2025 ulikuwa unafunguliwa tena baada ya ukarabati wa dola milioni 85. Watu wanaitazama milioni 85 na kusema, "Ndiyo maana wanaweza." Wanaanzia mwisho wa hadithi.

Kwa nini nje, lakini? Jibu la haraka ni kwamba tamthilia hizi ziliandikiwa nje. Globe ya mwaka 1599, ukumbi wa kundi la Shakespeare mwenyewe, haikuwa na paa katikati, na aliyelipa peni moja alisimama chini ya anga na kunyeshewa kama mbuzi. Walicheza mchana kweupe, bila taa, na ndiyo maana kila mara kuna mhusika anayesema usiku umeingia au anayebeba mwenge: giza lilitengenezwa kwa maneno. Ukizipeleka ndani, ukazima taa zote na kumnyamazisha kila mtu, maneno hayo yanabaki kama mapambo. Ukizirudisha nje yanarudi kazini.

Nilibahatika kuingia usiku mmoja wa Agosti. Mchezo unaanza saa mbili usiku, ila kwa majira ya joto ya kule saa mbili jua ndiyo kwanza linazama. Unaanza kuwatazama waigizaji kwa mwanga wa Mungu, nyuma yao kibwawa na ngome ndogo ya mawe ya Belvedere, na hujui ni dakika gani taa za umeme zimechukua zamu. Ndege za kwenda LaGuardia zinapita juu, na mwigizaji mzoefu anashika pumzi mpaka muungurumo upungue. Maneno ya Kiswahili yalipotoka, waliokaa karibu nami hawakuelewa kitu, wakatulia. Safu mbili nyuma yangu mwanamume mmoja akaitika "Eeh!" kwa sauti, kama mtu aliyeitwa na mama yake kutoka uani. Vichwa kadhaa vikageuka. Kwa sekunde mbili tatu wenyeji wa jiji ndio waliokuwa wageni. Na Twelfth Night ni mchezo wa mgeni: Viola anatupwa na bahari kwenye pwani asiyoijua, anaficha yeye ni nani, anavaa mavazi yasiyo yake ili apate kazi kwa bwana mkubwa. Waliokwenda ughaibuni hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa linganisha na kilichokuwa kilomita tatu hivi kusini mwa pale miezi michache tu kabla. Othello, yenye Denzel Washington na Jake Gyllenhaal, ilichezwa Broadway, na viti bora viliuzwa hadi dola 921. Mtunzi ni yuleyule, jiji ni lilelile, mwaka ni uleule. Simlaumu mtayarishaji wa Broadway, ana mkopo wa kurejesha na pango la ukumbi la kulipa kila wiki. Lakini jiweke kwenye nafasi yake. Mwongozaji anakuja na kusema anataka mapacha wazungumze lugha ambayo wateja wako tisa kwa kumi hawaijui. Aliyelipa dola 921 anaona ana haki ya kuelewa kila neno, na asipoelewa atawaambia rafiki zake. Mtayarishaji atakwambia, kwa upole, tuliangalie hilo baadaye. Mtazamaji wa Central Park hakununua kitu, kwa hiyo hana cha kudai arudishiwe. Amekuja kama anavyokuja mtu kwenye harusi ya jirani: chakula kikiwa na viungo asivyovijua, anaonja. Ninaposema kiti cha bure ndicho kilichotuletea Kiswahili jukwaani, namaanisha hivyo hasa. Ubure haumsaidii mtazamaji peke yake. Unamfungua mikono na mwongozaji.

Hoja za upande wa pili zipo, na baadhi zina uzito. Nzito kuliko zote ni kwamba bure hii hulipwa kwa muda. Bustani inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, tiketi za foleni zinatolewa saa sita mchana, mbili kwa kila mtu. Nani ana saa sita za kukaa juu ya blanketi siku ya Jumatano? Mwanafunzi, mstaafu, mtu aliye likizo. Binamu yangu anafanya kazi ya kulea wazee Bronx, zamu za usiku, na saa ambayo foleni inaanza kujipanga yeye ndiyo kwanza anasubiri basi la kumrudisha nyumbani akalale. Aliniuliza, "Bure ya nani hiyo?" Sikuwa na jibu zuri. Ipo bahati nasibu ya kwenye simu, na zipo tiketi zinazopelekwa kugawiwa mitaani mbali na bustani, na hizo ndizo zinazofanana zaidi na lori la Papp kuliko foleni yenyewe. Lakini ipo pia njia ya mtu kutoa mchango wa mamia ya dola na kutengewa kiti. Mwaka 2010, Al Pacino alipoigiza Shylock, mkopeshaji fedha wa Mabepari wa Venisi, pale Delacorte, watu walikuwa wakitangaza kwenye intaneti kwamba watakupangia foleni kwa malipo, mpaka mwanasheria mkuu wa jimbo akaingilia kati matangazo hayo yaondolewe. Fikiria: mchezo wenyewe unauliza ni kitu gani fedha haipaswi kununua, na nje ya geti kiti cha bure kinanunuliwa. Mwalimu alipochagua neno "mabepari" alijua anachofanya.

Hoja ya pili inasema ubure unahamisha tu mkono unaolisha: ukimkwepa mnunuzi wa tiketi unamkuta mfadhili. Mwaka 2017 Delacorte ilicheza Julius Caesar, na Kaizari akavalishwa suti na tai ndefu nyekundu, akafanana na rais aliyekuwa Ikulu ya Washington. Kampuni ya ndege ya Delta ikajitoa kufadhili, Bank of America ikaondoa mkono wake kwenye mchezo ule, na waandamanaji wakaparamia jukwaa wakati wa onyesho. Ni hoja ya kweli na siwezi kuimaliza kwa sentensi moja. Ninachoona ni kwamba mchezo uliendelea hadi mwisho wa ratiba yake. Uliendelea kwa sababu fedha zilitoka kwa wengi, hakuna mmoja aliyekuwa na funguo zote. Tofauti ya wafadhili kumi na mfadhili mmoja ni kubwa kuliko tofauti ya mfadhili na mnunuzi wa tiketi, na waandaaji wa matamasha kwetu, wanaotegemea ubalozi mmoja au kampuni moja ya simu, wanalijua hilo kwa machungu.

Wanaosema watu walikwenda kumwona Lupita nawajibu kwa ufupi: ndiyo, na kuna ubaya gani? Alicheza Juliet Nairobi akiwa na miaka 14, hakuokotwa kwenye zulia jekundu. Wanaosema Shakespeare ni wa mkoloni na tuachane naye, hao nitawarudia.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote: wenzetu wana pesa, sisi hatuna, mchezo wa bure chini ya anga ni anasa. Nimeshasema Papp alianza na lori bovu. Lakini hatuhitaji hata kwenda Marekani. Mwaka 1977, Kamirithu, Limuru, nchini Kenya, wanakijiji walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Wakulima na vibarua walifanya mazoezi hadharani, wapita njia wakiwasahihisha, na Jumapili alasiri wakacheza kwa Kigikuyu tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Onyesho la kwanza lilikuwa Oktoba. Novemba kibali kikaondolewa. Siku ya mwisho ya Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Machi 1982 polisi walikuja na kuubomoa ukumbi. Alifariki Mei 28, 2025, wiki kumi kabla Wakenya wenzake hawajapanda jukwaani Central Park, na sikuona wengi wakiziweka habari hizo mbili pamoja.

Mimi naziweka pamoja, kwa sababu zinafanana kuliko zinavyoonekana. Kote mbili hapakuwa na paa. Kote mbili walioanza hawakuwa na fedha. Kote mbili watu walikuja kwa maelfu, na kote mbili mkubwa mmoja alichukizwa na mkusanyiko huo, akatafuta karatasi ya kuuzuia. New York karatasi ilikuwa sharti la kiingilio, na mlalamikaji akapata mahakama ya kuisikiliza. Limuru karatasi ilikuwa leseni, na hakukuwa na pa kwenda. Ukitaka kujua kwa nini Delacorte imesimama tangu mwaka 1962 na Kamirithu haikufikisha miaka sita, usianze kwenye akaunti ya benki. Anza kwa anayetia sahihi ruhusa, na kwa kinachotokea akikataa.

Hao wa mkoloni sasa. Wana haki ya kuuliza kwa nini tuhangaike na Illyria, ile pwani ya Viola. Lakini tamthilia kongwe hazikuandikwa Uingereza pekee. Tunayo Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, inayohusu Maji Maji, maji ya Rufiji na imani iliyowaunganisha watu kisha ikawaponza. Wengi walioisoma waliisoma darasani wakijiandaa na mtihani, wakieleza "dhamira" na "wasifu wa wahusika" kwa pointi tano tano. Wangapi wameiona ikichezwa nje, bure, na mama muuza maandazi akiwa miongoni mwa watazamaji? Tafsiri za Mwalimu nazo zimeishia rafuni. Tuna maandiko kuliko tulivyo na mahali pa kuyasikia.

Na mahali hapakosekani. Ngome Kongwe ya Zanzibar imeshapokea filamu na muziki chini ya nyota kwa miaka mingi, na hakuna aliyelalamika kwamba haina paa. Nairobi, katika bustani ya Jeevanjee, wahubiri na wachekeshaji huwasimamisha watu saa nzima ya mapumziko ya mchana bila kipaza sauti wala kiti. Mnazi Mmoja ni uwanja uliozoea umati, na nyasi zake hazina tena cha kuogopa. Sisi hatuna hata haja ya kusubiri majira ya joto kama wao, wenye miezi mitatu tu ya kucheza nje. Masika ikipita tunayo miezi kadhaa ya jioni kavu, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, machweo hayahamihami kama ya New York. Mwongozaji wa huku anaweza kulipangia jua zamu kama fundi wake mmojawapo. Akianza Kinjeketile saa kumi na moja jioni, mzee Kinjeketile angetoka mtoni mwanga ukiwa bado mkali, na kufika gerezani giza limeshaingia, bila mtu yeyote kugusa swichi.